Malundo manne ya samadi: shajara ya mradi wa vifuniko vya mboji, Kilimanjaro

Januari, malundo yamepangwa

Swali la mradi huu ni fupi. Lundo la samadi likifunikwa wakati linaiva, nitrojeni inabaki humo ndani, au inatafuta mlango mwingine wa kutokea?

Huku juu, upande wa Moshi, kila kihamba (shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba) chenye ng'ombe wa ndani kina lundo nyuma ya banda, na mengi yako wazi. Asubuhi samadi inatolewa na kutupwa juu ya ile ya jana, pamoja na mabua ya mabingobingo ambayo ng'ombe ameyakataa. Jua la Januari linaichoma, masika inaiosha, na inapofika kwenye shina la mgomba ni nyeusi na inapendeza kwa macho, ila nguvu yake nyingi imeshaondoka.

Hesabu niliyoanza nayo ni hii. Samadi ya ng'ombe ikikaushwa, nitrojeni ndani yake huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito. Samadi mbichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo tani moja inabeba kama kilo 4 za nitrojeni ikiwa ng'ombe analishwa vizuri. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23, maana urea ni nitrojeni kwa asilimia 46. Basi tani ya samadi inalingana na kilo 9 hivi za urea. Ikipotea nusu, mkulima ametupa kilo nne na ushee za urea, na hakuna aliyemwona akizitupa, kwa sababu zimeondoka kama hewa na kama maji ya kahawia yanayotiririka kuelekea mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Malundo ni manne, yote ya mchanganyiko mmoja: samadi mbichi, mabingobingo makavu yaliyokatwakatwa kwa panga, maganda ya kahawa, na machicha ya mbege (pombe ya ndizi) kutoka kwa jirani aliyekuwa na shughuli. Kila moja lina kama mita moja kwenda juu, na upana na urefu vivyo hivyo. Likiwa dogo zaidi ya hapo halishiki joto.

La kwanza liko wazi, kama ilivyo desturi. La pili limefunikwa kwa nailoni nyeusi na kingo zake zimefukiwa kwa udongo, hewa isipite. La tatu lina tabaka nene la majani makavu ya migomba, na juu yake paa la turubai lililofungwa kwenye fito, limeinuliwa kiasi cha upepo kupita katikati. La nne halina plastiki kabisa. Limevikwa tabaka la mboji iliyoiva ya mwaka jana, unene wa sentimita 15. Hilo la nne sikulibuni mimi. Katika bonde la San Joaquin, California, kwenye viwanda vikubwa vya mboji, mamlaka ya hewa inalikubali tabaka la mboji iliyoiva kama kifuniko cha kupunguza gesi kwenye matuta mapya. Wao wanapigania zaidi moshi-ukungu wa mijini. Mimi nataka kujua kama bakteria waliomo kwenye tabaka hilo wanaweza kuikamata amonia, ile gesi inayoondoka na nitrojeni ya samadi, kabla haijapaa.

Vifaa ni vya mtu asiye na maabara. Kuna kipimajoto cha shina refu, karatasi za litmasi nyekundu zinazogeuka buluu penye alikali, na vipande vya kupimia nitrati (nitrojeni iliyo katika umbo linalokwenda na maji) vile vinavyotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Kifaa ninachokipenda zaidi ni kisahani cha rozela. Maji ya rozela ni mekundu penye asidi, hugeuka zambarau asidi inapokwisha, halafu kijani penye alikali. Natia ndimu ya unga kidogo kwa kipimo kilekile kwenye kila kisahani, nakiweka juu ya lundo, nakifunika kwa ndoo iliyopinduliwa, na kuangalia ni kisahani kipi kinapoteza wekundu wake mapema, maana amonia ni alikali na huimaliza asidi. Sikutumia siki kwa sababu yenyewe huvukiza na ingenidanganya. Gramu moja ya ndimu ya unga ikishiba kabisa imekamata kama gramu 0.2 za nitrojeni, kwa hiyo rangi ile si mapambo tu, mtu anaweza kuifanyia hesabu.

Januari, joto limepanda

Malundo yote yamewaka. Lililo wazi lilipita nyuzi 60 upesi kuliko mengine, la majani ya migomba na la mboji iliyoiva yakafuata. La nailoni limepanda kwa uvivu na kusimama chini ya nyuzi 50.

Kisahani cha lundo la wazi kilifika kijani kabla vingine havijaanza hata kufifia. Hili lilitarajiwa. Ng'ombe hutoa nitrojeni kwa njia mbili. Iliyo kwenye mavi imefungwa ndani ya protini na inafunguka polepole. Iliyo kwenye mkojo ni urea, na kwenye mavi kuna kimeng'enya kiitwacho yurease ambacho huivunja urea kuwa amonia ndani ya saa chache tu za kukutana. Kinachofuata kinategemea pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, na joto. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu isiyofika asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika hali ya gesi. Iliyobaki ni amoniamu, imeyeyuka kwenye maji na haiendi popote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9.25 ni nusu kwa nusu. Lundo linalochemka huwa na pH ya 8 na zaidi, na joto la nyuzi 60 linaisukuma mizani kwenye gesi kuliko hapo. Ukiongeza upepo wa mchana unaopanda kutoka tambarare, lundo la wazi halina kinga yoyote.

Chini ya nailoni mambo ni mengine. Asubuhi nilifunua pembe moja. Upande wa ndani wa plastiki ulikuwa umejaa matone, mazito, yamesimama kwa mistari yakisubiri kuteremka. Niligusisha kipande cha litmasi nyekundu kwenye tone moja. Kiligeuka buluu papo hapo, buluu iliyokolea, na kidole kilichoshika karatasi kikabaki na harufu hata baada ya kunawa. Amonia inapenda maji kupita kiasi; mvuke unapopoa kwenye plastiki na kuwa matone, inaingia humo na kurudi nayo chini. Vifuniko vya kisasa vya Ulaya, vile vya utando unaopumua lakini usiopitisha maji, vinategemea ujanja huohuo wa tabaka jembamba la maji upande wa chini. Tatizo la nailoni yangu ni mahali maji yanaporudi: hayarudi katikati, yanateremka kwenye mteremko na kujikusanya kwenye kingo. Kingo za lundo la pili zimekuwa tope lenye nitrojeni nyingi, na kitovu kimeanza kukauka.

Lundo la majani ya migomba limenishangaza kwa upande mzuri. Majani ya chini yameanza kulowa na kuwa meusi, na litmasi juu yake inabadilika taratibu sana. Jani kavu la mgomba ni kaboni tupu kwa lugha ya mboji; bakteria wanaolila wana njaa ya nitrojeni, na amonia inayopanda kutoka chini ndiyo chakula chao. Kwa hiyo kifuniko chenyewe kinageuka kuwa samadi.

Februari mwanzoni: majivu

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maziwa alikuja kuangalia, akashauri tunyunyize majivu ya jikoni ili kukimbiza nzi. Watu wengi huku hufanya hivyo, na kwa nzi inasaidia. Nikajaribu kwenye ndoo ya samadi ya pembeni, si kwenye malundo. Kisahani cha rozela juu ya ndoo yenye majivu kiligeuka kijani wakati kile cha ndoo isiyo na majivu bado kilikuwa chekundu kabisa.

Hakuna fumbo hapo. Majivu ya kuni ni alikali kali, yanapandisha pH, na amoniamu iliyokuwa imetulia kwenye maji inageuka gesi. Chokaa inafanya vivyo hivyo. Nilimwonyesha visahani viwili, akaviangalia kwa muda, akasema, "Basi mwanangu, majivu yangu nayapeleka kwenye kahawa moja kwa moja." Ni uamuzi mzuri. Potasiamu ya majivu inahitajika na mgomba na mkahawa; haina haja ya kupitia kwenye lundo bichi. Kama kuna jambo moja katika mradi huu ambalo mtu anaweza kuanza kesho asubuhi bila kununua hata uzi, ni hilo.

Februari, kugeuza

Siku ya kugeuza tulianza na lundo la nailoni. Ile plastiki ilipoinuliwa, kijana aliyeshika upande wa pili aliiachia na kurudi nyuma akifuta machozi. Amonia yote iliyokuwa imezuiliwa chini ya paa lile ilitoka kwa mkupuo. Kisahani nilichokuwa nimekiweka karibu, kwenye hewa huria bila hata ndoo, kilipoteza wekundu wake tukiwa bado tunageuza.

Kwa hiyo nailoni iliyofungwa kabisa inahifadhi kwa masharti. Ikibaki imefungwa, amonia inabaki. Ukiifungua lundo likiwa na moto, unalipa deni lote kwa wakati mmoja. Watakaotumia nailoni hata hivyo wageuze alfajiri kabla ya jua, bila upepo, na warudishe kifuniko mara moja. Bora zaidi wasubiri lundo lipoe.

Kilichonisumbua zaidi ni kitovu. Uma ulipofika ndani, samadi ilikuwa nyeusi ya kubluu, inateleza, na inatoa harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni haidrojeni salfaidi. Yenyewe ni kidogo, lakini inapotoka ina maana oksijeni imekwisha, na mahali oksijeni imekwisha wale viumbe wadogo wanaotengeneza methani, gesi inayopasha dunia joto, wanakuwa wameshaanza kazi. Methani haina harufu. Pua haiwezi kuikamata. Inakamata majirani zake tu.

Nilikaa jioni na kalamu kupima uzito wa jambo hili. Nachukua tena tani moja yenye kilo 4 za nitrojeni, na naanza na nitrasi oksidi, gesi nyingine ya joto ambayo lundo huitoa kutokana na nitrojeni yake. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, unaweka asilimia 1 ya nitrojeni kuwa ndiyo inayotoka kama nitrasi oksidi kwenye mboji isiyogeuzwa mara kwa mara. Hiyo ni gramu 40 za nitrojeni, ambazo zikiwa nitrasi oksidi ni gramu 63. Kwa tathmini ya IPCC ya 2021, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Tunapata madhara sawa na ya kilo 17 za hewa ukaa.

Amonia si gesi ya joto, lakini haibaki angani. Inashuka kwa mvua au kujibandika kwenye majani ya msitu na mashamba, na kwa mwongozo uleule asilimia 1 ya nitrojeni yake huishia kuwa nitrasi oksidi huko ilikoangukia. Zikipaa kilo 2, hiyo ni gramu 31 za nitrasi oksidi, yaani kilo 8 na nusu za hewa ukaa. Kwa hiyo kuzuia amonia kunasaidia shamba, na kunasaidia hali ya hewa pia, ingawa kwa kiasi cha wastani.

Sasa methani. Kilo moja ya methani itokayo kwenye mimea na mifugo ni mara 27 ya hewa ukaa. Ukigawa 17 kwa 27 unapata gramu 630. Yaani kama nailoni inazalisha methani ya ziada ya gramu 630 tu kwa tani nzima ya samadi, imeshazidi madhara ya nitrasi oksidi yote ya lundo, na imekula mara mbili ya faida ya kuzuia amonia. Kwa kilo mia kadhaa za samadi iliyokosa hewa kwa mwezi mzima, gramu hizo si nyingi. Tangu jioni hiyo sijui tena kuitetea nailoni iliyofukiwa kingo. Nimeiacha kwa ajili ya ulinganisho, basi.

Februari mwishoni, maneno ya babu

Babu wa kihamba cha jirani alipita akielekea kanisani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hivi mwanangu, siku hizi mavi nayo yanavalishwa?"

Nikamweleza: hili koti, hili nyumba, hili blanketi. Akayazunguka yote kwa fimbo yake, akasimama mbele ya banda, akaelekeza fimbo sakafuni. "Na mkojo umeuvalisha nini?"

Ni kweli tupu. Nitrojeni inayopaa haraka zaidi ni ya mkojo, na kwenye banda hili mkojo ulikuwa unaingia ardhini kati ya mawe kabla haujafika kwenye lundo lolote. Mjadala wa vifuniko unaanza baada ya hasara ya kwanza kwisha. Tumechimba mfereji mdogo wenye mteremko, tukausakafu kwa saruji, unaishia kwenye shimo lenye debe. Chini ya ng'ombe tunaweka maganda ya kahawa na majani makavu yanywe kile kisichofika mferejini. Mkojo wa kwenye debe unachanganywa na maji na kumwagwa kwenye migomba, pembeni ya shina, kisha unafukiwa kwa udongo palepale.

Machi, nitrati imejitokeza

Malundo yanapoa, na hapa ndipo mradi umegeuka kuwa kitu nisichokitegemea.

Wakati wote wa joto, vile vipande vya nitrati havikuonyesha chochote kwenye lundo lolote. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Bakteria wanaogeuza amoniamu kuwa nitriti na kisha nitrati hawapendi joto; juu ya nyuzi 40 wanalala au kufa. Kwa hiyo katika wiki za moto, nitrojeni ya lundo ina njia moja kuu ya kutoroka, nayo ni amonia. Lundo likishuka chini ya nyuzi 40 wanarudi, wakianzia ngozi ya nje ambako kuna oksijeni.

Nimechota kiganja cha mboji kutoka kila lundo, nikakoroga kwenye maji yaliyochemshwa, nikachuja kwa kitambaa, nikachovya vipande, ambavyo huwa waridi penye nitrati. La wazi: waridi hafifu. La majani ya migomba: waridi iliyokolea. La mboji iliyoiva: iliyokolea zaidi, hasa kwenye mpaka kati ya tabaka na samadi yenyewe. Nadhani hao bakteria walikuwa tayari wanaishi kwenye mboji ya mwaka jana na hawakuhitaji kualikwa. La nailoni: hakuna kitu. Bila hewa hakuna nitrati; nitrojeni yake yote bado ni amoniamu, iko tayari kupaa siku itakapomwagwa shambani juani.

Nitrati haipai. Kwa mtu wa amonia hii ni habari njema. Lakini nitrati ina udhaifu wake miwili. Haishikiki na udongo wala mboji, inakwenda na maji. Na ikikutana na mahali palipolowa penye chakula kingi na oksijeni kidogo, bakteria wengine wanaipumua badala ya hewa na kuirudisha angani hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho kabla ya nitrojeni ya kawaida ni nitrasi oksidi. Penye maji tele kabisa safari hufika mwisho salama. Penye unyevu wa nusunusu, hewa ikiingia na kutoka, hukatikia njiani na gesi inatoka kabla haijakamilika.

Fikiria sasa tunavyofanya huku. Mtu akifunika lundo, anafunika wakati wa Januari na Februari, lina moto na linanuka. Likipoa na kuacha kunuka, anasema limeiva, anatoa turubai kwenda kuanikia maharage au kufunika kuni. Ni Machi. Masika inaanza. Sehemu ya mboji inateremshwa kwenye shamba la mahindi la tambarare, na iliyobaki inasubiri migomba hadi Juni, iko wazi, imejaa nitrati, inanyeshewa kila usiku. Kifuniko kinaondolewa siku ileile kazi yake kubwa inapoanza.

Aprili, masika

Imenyesha mfululizo. Nilichimba kijishimo chini ya kila lundo kukinga maji yanayotoka. La wazi linatoa maji ya kahawia iliyokolea na kipande kinageuka waridi kali. Kila baada ya mvua kubwa rangi ya kwenye mboji yenyewe inafifia. Nitrati inaondoka, na potasiamu inaondoka nayo, ambayo kwa migomba ni hasara ya pili. Chini ya paa la turubai kijishimo kimebaki kikavu.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Kenya uliofuata malundo na mashimo ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na mabua ya mahindi kwa miezi 6, mengine wazi na mengine chini ya paa rahisi. Yaliyokuwa chini ya paa yalihifadhi virutubisho vizuri zaidi. Hawakutumia utando wa kisasa wala mashine, ni paa tu. Ninapoliangalia lundo la tatu naona kwa nini: paa linazuia maji bila kuzuia pumzi.

Lundo la nne lina kisa chake. Tabaka la mboji iliyoiva lilifanya kazi nzuri wakati wa joto, kisahani chake kilikaa chekundu muda mrefu karibu sawa na cha majani ya migomba. Halafu kuku wakaligundua. Mboji iliyoiva ina minyoo na wadudu, na kuku wa hapa hawahitaji mwaliko. Wamelichakura hadi samadi ikaonekana upande mmoja. Nimelizungushia matawi ya masale, wakapita katikati yake. Mvua nayo inalipenya tabaka hilo bila kizuizi, kwa hiyo upande wa nitrati halina kinga. Kama ningekuwa na kiwanda chenye uzio na sakafu ningelichagua. Kwa kihamba chenye kuku huria, hapana.

Mbuzi wa jirani alivuta majani ya migomba mara moja na kuacha, makavu hayampendezi.

Mei, mchicha

Mboji ya kila lundo nimeichanganya na udongo uleule kwenye makopo, nikapanda mchicha, yote kwenye kibaraza kimoja. Mchicha hauna subira wala adabu, unaonyesha nitrojeni upesi. Ule wa lundo la tatu umetangulia kwa kimo na una kijani kilichoiva. Wa lundo la nne unafuata kwa karibu. Wa lundo la wazi umeota vizuri lakini majani ya chini yameanza kuwa manjano. Wa nailoni ulichelewa kuota, mingine ikaungua ncha, halafu baadaye ukashika kasi. Ile amoniamu ilikuwa nyingi mno kwa mche mchanga. Mboji ya nailoni inafaa ikianikwa kivulini kwanza, ila kuianika ndiko kunakoirudishia njia ya kupaa.

Utaratibu tutakaoupeleka kwenye kikundi kwa msimu ujao ni huu: mkojo ukingwe, majivu yasiguse lundo bichi, majani makavu ya migomba yawekwe tangu siku ya kwanza na yakilowa yageuziwe ndani na kuwekwa mengine. Paa lisimame kabla ya masika na libaki hadi mboji ya mwisho itakapotoka. Turubai la maharage litafutwe lingine. Wasio na turubai wanaezeka kwa majani ya migomba yaliyopangwa kama nyasi za nyumba, yenye mteremko mkali. Tumeezeka moja kwa majaribio na linavuja upande wa juu tu.

Upande wa gesi ambazo pua haizipati, nimeshatengeneza ndoo nne zenye mifuniko iliyotobolewa na kuzibwa kwa mpira wa kuchomea sindano. Ndoo inazamishwa kidogo kwenye uso wa lundo, na hewa ya ndani inavutwa kwa bomba la sindano mwanzoni, kisha kila baada ya dakika kumi hadi nusu saa, na kuhifadhiwa kwenye vichupa hadi maabara yenye mashine ya kutenganisha gesi. Mteremko wa namba hizo ndiyo kasi ya gesi kutoka. Sampuli za kwanza zitachukuliwa malundo mapya yatakapowaka, na za pili, ambazo ninazitaka zaidi, masika ijayo kwenye lundo lililopoa: moja chini ya paa na moja lililoachwa wazi baada ya kuvuliwa kifuniko mwezi Machi. Lundo la nailoni nitalipatia ndoo mbili, moja juu na moja kwenye zile kingo zenye tope.